Papo kwa Papo

Kizimbani yumo Nyanzala wa Kayenze,
lakini anayesema "mimi" ni mimi.
Ndivyo kiapo kinavyotaka:
mkalimani hasemi "anasema kwamba".
Akisema nilimpiga kwa kafi,
nami natamka, nilimpiga kwa kafi,
na macho ya chumba kizima yananigeukia
kana kwamba ni mimi niliyedeki sakafu usiku ule.

Kafi lenyewe liko mezani, kielelezo cha pili,
limefungwa kikaratasi shingoni kama mzigo wa basi.
Kwenye ubapa wake bado kuna gamba moja la sato.
Hakuna aliyelitaja.

Wakili wa Serikali ni kijana mpole. Ana mafua.
Anauliza: marehemu alikuwa amesimama, au amelala?
Alikuwa amekaa. Anavua viatu.
Alikuwa na silaha?
Nyanzala anafikiri.
Alikuwa na mkanda.
Mkononi?
Kiunoni.
Kwa hiyo wakati huo, papo hapo, hakuwa anakushambulia?

Papo hapo.
Naligeuza neno hilo kwa Kisukuma cha bibi yangu,
linatoka na pembe, halitaki kupita mlangoni.
Nampa la karibu nalo.
Yeye ananijibu kwa viatu.

Kiatu cha pili kikianguka kabla ya mkanda kuguswa,
tulikula, tukalala.
Mkanda ukitangulia,
niliwapitisha watoto dirishani kwa mama Holo,
nikarudi kukaa, maana asipomkuta mtu huwafuata.
Miaka kumi na mmoja nimesikiliza viatu.
Usiku ule alivua kimoja,
akashika mkanda,
akamwita Minza.

Minza ana miaka tisa.

Hayo yote nimeyasema kwa sauti yangu,
na sauti yangu ikakauka pale kwenye "tisa".

Kwa nini hukwenda kushtaki?
Nilikwenda. Ofisi ya kijiji wakasema rudi na mjumbe.
Mjumbe akasema rudi na mumeo.
Zahanati waliuliza, PF3 iko wapi,
na kituoni fomu zilikuwa zimekwisha,
kuna duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, mia mbili,
nami nilikuwa nimetoka na kitenge na jino langu mkononi.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Sijui kwa nini. Labda ni jino.

Wakili anapenga kamasi, anarudi palepale:
Jibu ndiyo au siyo. Papo hapo, alikushambulia?
Nyanzala akasema siyo.
Akasema na lakini.
Jaji aliinamisha kalamu kwenye siyo,
akaiandika taratibu, kwa mwandiko mzuri,
na wakili akawa ameshakaa.
Lakini ikabaki kinywani mwangu kama mwiba wa furu.

Niliapa nisiongeze wala nisipunguze.
Ila lugha hii yangu ina papo mbili.
Kuna ile ya sheria, yenye saa ya ukutani,
na kuna ile ya kamba na jiwe
ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua.
Kati yake kuna kwa tu.
Herufi tatu. Ningeweza kukohoa, nikaiingiza.

Sikukohoa.
Shauri likaahirishwa hadi tarehe kumi na tisa,
akashuka kwa mkono wa askari,
akanitazama kama mtu anayemtazama
aliyemwazima nguo zake.

Jioni niliteremka Mwaloni, sina cha kununua.
Kuna jiwe pale wanapofunga mitumbwi ya dagaa,
refu kama kiuno cha mtu mzima.
Kamba imelichimba mfereji.
Kamba yenyewe ni nailoni, laini,
ungeweza kumfungia mtoto mgongoni.
Nikatia kidole.
Kiliingia hadi pingili ya pili,
na mchuuzi mmoja akaniuliza,
Mama, umepoteza nini?
Nikafungua mdomo nijibu mimi,
nikasita kwanza, nione ni ipi.